Mkojo Unanitoka Nikikohoa: Je, ni Uzee?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 53, mkaazi wa Langoni, Amu, na nimejaaliwa watoto sita. Wa kwanza nilimzaa kwa taabu nikiwa Faza. Uchungu ulinishika siku mbili kabla sijapakiwa mashuani kuletwa hospitali. Tangu hapo nikikohoa au nikicheka, mkojo hunitoka kidogo, nami nikazoea. Lakini hedhi ilipokatika miaka miwili iliyopita, mambo yalizidi: haja hunijia ghafla, nahisi ukavu na mwasho, na mwaka huu nimetibiwa maambukizi ya mkojo mara tatu. Sasa nakunywa maji kidogo tu, na harusini siendi tena. Je, huu ni uzee, au uzazi ule ndio ulioniumiza?

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Uzazi ule ulikuumiza, na kukatika kwa hedhi kumelifichua jeraha lile ambalo mwili uliweza kulisitiri kwa miaka mingi. Nasikitika kwamba ulizoea, kwa sababu hali hii ina tiba.

Misuli ya nyonga imetandazwa chini ya kibofu na mji wa mimba mithili ya kamba za kitanda. Kichwa cha mtoto kinapopita, misuli hiyo hunyooshwa mno, mara nyingine huchanika pale inaposhikana na mfupa wa kinena, na mishipa ya fahamu inayoiamuru huvutika nayo. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 hivi, kwa hiyo ukikosa egemeo, kila kikohozi huukamua.

Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikikusaidia. Kuta za uke, mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu hutegemea homoni hiyo ili ziwe nene, zenye unyevu na damu ya kutosha, na mrija ujifunge vizuri. Isitoshe, huwawezesha bakteria wema wa uke kutengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi. Hedhi inapokoma, estrojeni hupungua, ngozi hiyo huwa nyembamba, asidi hupotea, na vijidudu vitokavyo njia ya haja kubwa hupata makao karibu na mrija. (Mama anayenyonyesha naye huweza kupata ukavu kama huo kwa muda, kwa sababu estrojeni yake hushuka.)

Ingekuwa mkojo unatiririka mchana na usiku bila hata kukohoa, ningeshuku fistula, yaani tundu linalobaki pale tishu zilizobanwa muda mrefu kati ya kichwa cha mtoto na mfupa zinapokosa damu na kufa. Maelezo yako hayafanani na hayo, ila ikiwa ndivyo, usinyamaze, kwani hata ya miaka mingi hufanyiwa upasuaji.

Anza na mazoezi. Kaza misuli kama anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, hesabu polepole hadi tano huku ukipumua kama kawaida, kisha legeza kabisa. Fanya hivyo mara nane au zaidi, kutwa mara tatu, kwa muda usiopungua miezi mitatu; wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kabla misuli haijapata nguvu.

Muulize daktari wako kuhusu estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni, ambayo kwa dozi ndogo hurudisha unyevu na kupunguza kurudi kwa maambukizi. Ya kumeza haishiki nafasi yake, maana imeonekana kuzidisha kuvuja. Mwambie mapema ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti au umetokwa na damu tangu hedhi ikome. Na kabla ya kupewa antibiotiki nyingine, omba mkojo wako uoteshwe maabara, ili ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inakiua.

Maji usiyapunguze, hasa katika joto letu la kaskazi, kwa sababu mkojo mzito hukichokoza kibofu; afadhali upunguze kahawa chungu na chai ya rangi. Ukiona damu kwenye mkojo, au ukishikwa na homa pamoja na maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.