Kliki moja au dabo kliki, programu itajuaje?

SWALI: Habari zenu wataalamu. Naandika programu ya picha kwa Java Swing (zana za Java za kutengeneza madirisha na vitufe), nataka mtu akikliki mara moja picha ifunguke, akidabo kliki ifutwe. Sasa kila nikidabo kliki inafunguka kwanza ndo inafutwa, getClickCount, ile inayohesabu kliki, inanipa 1 halafu 2. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea ndugu, iko hivyo. Kliki ya kwanza ikishapigwa kompyuta haiwezi kujua kama kuna nyingine inakuja, kwa hiyo inakuletea 1 hapohapo, ya pili ikiwahi ndani ya muda uliowekwa ndo unapata 2. Kwenye Windows muda huo kwa kawaida ni milisekunde 500 na mtu anaweza kuubadilisha kwenye setingi za mausi. Hata kwenye brauza ni hivyohivyo, zinakuja taarifa mbili za click kwanza ndo ya dblclick (dabo kliki).

Ukitaka kuzitenganisha kabisa inabidi usubiri. Ikija 1 usifungue kitu, washa javax.swing.Timer (taima ya Swing) yenye setRepeats(false) ili ilie mara moja tu, ikija 2 kabla taima haijaisha unaizima na kufanya kazi ya dabo kliki, taima ikiisha yenyewe basi ilikuwa kliki moja. Usitumie java.util.Timer, ile inakimbia kwenye thredi nyingine (njia ya kazi inayoenda sambamba na ile ya Swing) na vitu vya Swing havitakiwi kuguswa kutoka huko. Na tafadhali usijiandikie 500 kwenye kodi, iombe Toolkit (sehemu ya Java inayojua setingi za kompyuta) kwa getDesktopProperty("awt.multiClickInterval"), ila cheki kama imerudisha null, yaani haina jibu, maana inatokea.

Lakini mi kwa kweli nisingeenda njia hiyo. Kila kliki moja itachelewa kama nusu sekunde na watu wataona programu yako nzito. Panga kazi upya, kliki moja ichague picha, dabo kliki iifungue, hapo ya kwanza ikitangulia haiharibu kitu maana picha unayoifungua lazima uichague kwanza, na taima huihitaji tena. Ndo maana mafolda yamezoea kufanya hivyo.

Kufuta kwa dabo kliki kunanitisha zaidi, mtu mkono ukimtetemeka kidogo au kitufe cha mausi kikiwa kimechoka, kliki moja inageuka mbili na picha imeenda. Weka kufuta kwenye kitufe cha Delete au menyu ya kliki ya kulia, tena iulize kwanza.

Na ukiona kliki zingine zinapotea, mausi ikisogea kati ya kubonyeza na kuachia, mouseClicked (taarifa ya kliki nzima) inaweza isije, jaribu mousePressed (taarifa ya kubonyeza tu), nayo ina getClickCount ileile.