Kwa mnaoanza kazi kliniki ya sukari na presha: msiishie kwenye mizani

Ndugu zangu mnaoripoti vituoni hapa Mtwara, mapema tu mtakutana na mtu ambaye kilo zake hazitishi lakini kitambi kimemtangulia, na hapo ndipo nawasihi muwe makini. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo, si akiba iliyolala. Seli zake zikijaa kupita kiasi huelemewa, nyingine hufa, na seli za kinga ziitwazo makrofaji humiminika humo. Kwa pamoja humwaga kwenye damu kemikali za mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili kama ule wa jeraha linapovimba, ikiwemo TNF-alfa, ambayo watafiti nchini Marekani walionyesha mwaka 1993 kwamba huchangia miili ya panya wanene kukaidi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mchochota huu hauleti homa wala maumivu, na kwa kuwa hauzimiki, huendelea kwa miaka ukiharibu kuta za mishipa ya damu na kuchangia sukari kupanda.

Ini nalo huongeza protini ya CRP, ambayo huashiria mchochota, lakini msikimbilie kuipima: malaria na maambukizi mengine huipandisha mno, na huku kwetu hayo hayakosekani.

Chukueni futi kamba. Mama akiwa amejifunga kanga na pesa ziko kwenye pindo, mwamkieni kwanza, kisha mwombeni afungue, maana fundo lile hupotosha kipimo. Tafuteni katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mwacheni atoe pumzi kawaida bila kubana tumbo, ndipo msome. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeweka mpaka wa kiuno kuwa sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke wa Kiafrika. Viwango hivyo vimeazimwa kutoka kwa watu wa Ulaya, kwa hiyo vichukulieni kama tahadhari, si hukumu.

Katika ushauri, msimkataze mtu muhogo wala ming'oko aliyokulia. Mwulizeni kuhusu soda, sukari ya kwenye chai na chipsi, ambavyo nimeona vikiongezeka majumbani malipo ya korosho yanapotoka. Akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, kwa kawaida mchochota hupungua na insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Tena mazoezi ya mara kwa mara huweza kupunguza mafuta ya tumbo hata pale mizani isiposogea sana. Kwa sababu hiyo, kila hudhurio andikeni kiuno kwenye kadi yake, kando ya uzito, na mwonyesheni mwenyewe tofauti.