Mwasho wa wastani ni upi?

SWALI: Ninatafsiri dodoso la kupima ukali wa mwasho kwa watu wenye magonjwa sugu ya ngozi. Mimi naandika "mwasho", mwenzangu anaandika "muwasho". Nani yuko sahihi? Mfano wa sentensi zetu ni huu: "Katika saa 24 zilizopita, mwasho wako wa wastani ulikuwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10?" Na chini yake: "Chagua jibu linalokufaa: sina mwasho / mwasho mdogo / mwasho wa wastani / mwasho mkali."

JIBU: Andika "mwasho". Kitenzi waka kimetupa mwako. Washa, ambacho ni waka kilichopewa umbo la kusababisha, kinatupa mwasho kwa njia ileile. Mwenzako anafuata sikio lake, na wasemaji wengi kweli huivuta silabi hiyo ya kwanza, kwa hiyo simgombezi. Uwingi kwenu nyote ni miwasho. Suala hilo liishie hapo.

Linalonikera ni neno ambalo hamkuniuliza. Mmeandika sentensi mbili, na ndani yake mmeliweka neno wastani mara mbili, kwa maana mbili, mbele ya mgonjwa yuleyule. Hamko peke yenu. Nakutana nalo kila mara kwenye tafsiri za namna hii, na kila mara damu inanichemka.

Asili ya neno ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kuwa katikati. Kwetu limebeba maana mbili. Moja ni ya hesabu: jumlisha, gawanya, upate wastani. Nyingine ni ya ukubwa: si sana, si haba. Katika mazungumzo maana hizo hukaa pamoja bila kumdhuru mtu. Anayesema ana nyumba ya wastani hakuna atakayemtolea kalamu apige hesabu, na mwalimu akiandika "mwanafunzi wa wastani" mzazi ameelewa. Huko nimeshaacha kupigana. Kwenye dodoso la mwasho siachi, kwa sababu dodoso hilo linapima mambo yote mawili, na linataka yasichanganywe.

Tukumbuke mwasho unapimwaje. Mtu akiwa na homa, kipimajoto kinamsemea. Mwasho hauna wa kuusemea ila anayewashwa. Tabibu Mjerumani Samuel Hafenreffer aliueleza mwaka 1660 kuwa ni hisia isiyopendeza inayomfanya mtu atake kujikuna, na madaktari wa ngozi wanautaja ufafanuzi wake mpaka leo. Vipo vifaa vya kuvaa mkononi vinavyonasa jinsi mkono unavyosogea usiku, lakini vinachonasa ni kujikuna. Mwasho wenyewe haviufikii. Daktari hana budi kuuliza, na chombo chake ni sentensi. Sentensi ikiwa na kasoro, kipimo kina kasoro.

Ndiyo maana maswali yamegawanywa. Kuna swali la mwasho mkali kuliko wote katika saa 24, na kuna swali la wastani wa saa hizo 24, yote kwa namba 0 hadi 10. Wengine humpa mgonjwa mstari wa milimita 100 aweke alama mahali mwasho wake ulipofikia. Kisha kuna ngazi za maneno, kama hizo nne zenu.

Chukueni mtu mwenye pumu ya ngozi ambaye mwasho wake hupanda usiku, kama inavyowatokea wengi. Kwa muda wa saa 16 za mchana na jioni anawashwa kwa kiwango cha 3. Kwa muda wa saa 8 alizotenga kulala anawashwa kwa kiwango cha 9, anajikuna mpaka shuka linapata damu. Pigeni hesabu: 16 mara 3 ni 48, 8 mara 9 ni 72, jumla 120, gawanya kwa 24. Wastani ni 5. Akijibu swali lenu la kwanza kwa kuandika 5, amesema kweli tupu.

Sasa anashuka kwenye sentensi ya pili. Dakika moja iliyopita mmemfundisha kwamba wastani ni ile namba ya siku nzima. Anaona "mwasho wa wastani", anatia alama hapo, na bado amesema kweli. Lakini anayesoma karatasi anasoma kitu kingine: mwasho usio mkali. Kwa mgawanyo unaotumiwa mara nyingi, chini ya 3 ni mdogo, 3 hadi chini ya 7 ni wa kati, 7 hadi chini ya 9 ni mkali, na 9 kwenda juu ni mkali mno. Usiku wa mtu huyu uko kwenye ngazi ya juu kabisa, na karatasi imemshusha hadi ngazi ya kati. Mwingine ambaye amewashwa kwa 4 kutwa kucha na akalala vizuri naye anatia alama palepale. Watu wawili wasiofanana hata kidogo wamefungiwa kwenye kisanduku kimoja.

Haya, apewe dawa. Katika majaribio ya tiba, mwasho mkali kuliko wote ukishuka kwa pointi 4 au zaidi, mara nyingi huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Usiku wake umetoka 9 hadi 5, sasa analala. Anaulizwa tena, anatia alama kwenye "wastani" kama mwanzo. Nafuu imekuja, karatasi haikuiona. Hili ndilo linalonikasirisha: mtu amelala usingizi ambao hakuujua kwa muda mrefu, na neno letu la uvivu linasema hakuna kilichobadilika.

Najua utaniambia tafsiri yenu itarudishwa kwenye lugha ya asili na mtu mwingine ili ikaguliwe. Ukaguzi huo ni mzuri, lakini kosa hili hupita katikati yake. Mkaguzi akikuta wastani kwenye swali la namba atalirudisha kwa maana ya hesabu. Akilikuta kati ya mdogo na mkali atalirudisha kwa maana ya ukubwa. Kila kitu kitalingana na asili. Mgonjwa yeye hana asili ya kulinganishia, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa: msomee, kisha mwombe aeleze kwa maneno yake alivyoelewa.

Mkiwa mnamsikiliza, msisahau adabu yetu ya neno "kidogo". Mtu asiyeweza kusimama atakwambia anaumwa kidogo, asije akaonekana analalamika. Mmefanya vyema kuandika "mwasho mdogo" na si "kidogo".

Wapo pia wanaotafsiri "mwasho wako mbaya zaidi". Hakuna mwasho mzuri. Tunachouliza ni ukali, basi tuseme ukali. Na asiulizwe mgonjwa "unawasha kiasi gani?" Anayewasha ni ngozi au upupu, mgonjwa anawashwa.

Kwa ngazi ya kati andikeni "mwasho wa kadiri". Ni Kiswahili, kinaeleweka, na hakigusi hesabu. Wagonjwa mtakaowajaribia wakilikwaa, wekeni "mwasho wa kiasi", ingawa hapo itabidi swali lenyewe lisiwe na "kiasi gani". Ngazi zisomeke hivi: sina mwasho, mwasho mdogo, mwasho wa kadiri, mwasho mkali. Wastani libaki kwenye swali la namba peke yake, na hata huko msilitupe kavu. Ongezeni maneno machache: "ukichukua mchana na usiku kwa pamoja". Kisha, kwenye mstari wake wenyewe, muulizeni mwasho wake ulipozidi kabisa ulifika namba ngapi.