Usimpe kazi kabla hujaona bima

Ndugu, umeuliza kama umpe kazi ya baraza la mbao yule mkandarasi wa bei nafuu anayesema leseni na bima anazo, ila hajakuonyesha. Usimpe bado. Leseni ihakiki mwenyewe kwa mamlaka iliyoitoa. Cheti cha bima kitoke kwa kampuni ya bima yenyewe, maana karatasi anayokuja nayo mkononi huenda muda wake umekwisha; kionyeshe kuwa bima inagharamia uharibifu wa mali yako na wafanyakazi wake wakiumia.

Halafu muulize boriti inayoshikana na ukuta wa nyumba ataifunga kwa kutumia nini. Akisema misumari mitupu, achana naye kabisa! Hapo ndipo mabaraza mengi hung'oka. Panahitaji bolti, na kinga ya kuzuia maji yasiozeshe mbao.

Malipo yafuate hatua za kazi.