Mama ana kolesteroli, ameambiwa anywe samli

Dada, pole kwa mawazo. Umeandika kwamba mganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, amemwambia mama anywe samli kila asubuhi kabla ya kula, naye ana kolesteroli ya juu.

Mganga hakubuni. Huko India samli, kwa Kisanskriti ghrita, ni dawa tangu kale. Mitishamba huchemshwa ndani yake pamoja na maji, moto mdogo, mpaka maji yakauke na samli ibaki na nguvu ya majani. Ipo hata ya macho: mgonjwa analala chali, jicho linazungushiwa ukuta mdogo wa unga uliokandwa, samli vuguvugu inamiminwa humo, naye anafumba na kufumbua. Hiyo msijaribu nyumbani kabisa.

Lakini kunywa samli kwa wingi tumbo likiwa tupu, kwa kawaida ni maandalizi ya kusafisha mwili, panchakarma. Ni kwa siku chache, 3 hadi 7, mtu akiangaliwa na kipimo kikipandishwa taratibu. Mama ameambiwa siku ngapi?

Kijiko kimoja cha mezani kina mafuta kama gramu 14, na zaidi ya nusu ni yale yanayopandisha kolesteroli. Mimi ningemsimamisha leo, nimpeleke kwa daktari wake akapimwe damu, na nimweleze daktari kila alichopewa. Vidonge alivyopewa na daktari asiviache hata siku moja. Na tafadhali mwulize mganga kama alijua habari ya kolesteroli.