Tone moja kila ukibonyeza: shughulikia usawa wa maji kabla ya saketi

Mkuu, umeuliza utatengenezaje kifaa cha bei nafuu kinachotoa tone moja kila ukibonyeza kitufe, matone yote yalingane. Arduino (kile kibao kidogo cha saketi unachokiprogramu) unayo, ila sindano inachuruzika ovyo. Nimezijenga hizi kwenye karakana ya maabara, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, unataka tone la ukubwa gani? Tone linalodondoka lenyewe hupangiwa ukubwa na mzingo wa ncha: linaning'inia hadi uzito wake uzidi nguvu ya uso wa maji inayolishikilia. Ndiyo maana kuna dripu za hospitali zinazotoa matone 20 kwa mililita, na zile za watoto, zenye kisindano ndani, hutoa 60. Kama ukubwa huo unakutosha, bomba la sindano na mota ya kulisukuma polepole vinamaliza kazi, usijisumbue. Ila tone la milimita 1 hakuna sindano ya famasi nyembamba kiasi cha kulidondosha. Hilo inabidi lirushwe.

Hapo unahitaji piezo, kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe kinacholia kwenye alamu. Kibandike kiwe ukuta wa chumba kidogo kilichojaa maji, pua iwe upande wa pili. Kikipata umeme kinajikunja, maji yanapigwa, tone linachomoka. Volti 5 za Arduino zitakitikisa tu; pandisha hadi 30 au 40 kwa moduli ya kupandisha volti, utumie na daraja la H (saketi inayogeuza mwelekeo wa umeme), maana piezo ni kapasita: isipopata njia ya kumwaga chaji inabaki imejikunja, na ukibonyeza tena hakitoki kitu. Anza na pigo la umeme la milisekunde 1. Umeme umeishia hapo, ingawa najua humu ndani wengi wangeujadili hadi alfajiri.

Matone yakiwa hayalingani, mimi naangalia kwanza chupa ya maji inayolisha kile chumba. Pua yenye tundu la nusu milimita huhimili kimo cha maji cha karibu sentimita 6 juu yake bila kuchuruzika. Kwa mafuta ya silikoni hata 2 hazifiki. Chupa ikiwa juu kuliko hapo, inachuruzika, na nadhani ndicho kinachokusumbua. Ikishuka mno, pua inavuta hewa. Mimi huweka uso wa maji sentimita moja hivi chini ya pua, mpaka maji mdomoni yabonyee ndani kidogo tu. Na chombo kiwe kipana kama bakuli, kwa sababu kwenye bomba jembamba usawa unashuka kadiri unavyorusha, na tone la mwisho halifanani na la kwanza.

Adui mwingine ni kiputo. Hewa inabonyea, maji hayabonyei, kwa hiyo kiputo kidogo chumbani kinalimeza pigo lote. Chemsha maji, yapoe, ujaze taratibu pua ikiwa imeelekea juu. Watu hupandisha volti wakidhani piezo imechoka, kumbe hewa.

Ukitumia sindano kama pua, ncha yake ile ya mshazari ikate, kisha isugue kwa msasa hadi iwe bapa. Ikilowa nje, tone linapinda; nta kidogo usoni husaidia. Ukiona vitone vidogo vinafuata tone kubwa, punguza volti, au ongeza gliserini kidogo.

Kupima ni rahisi: tone la maji la milimita 1 lina uzito wa miligramu 0.52 hivi, kwa hiyo 1,000 ni nusu gramu, mizani ya sonara inatosha. Rushia ndani ya mafuta ya kula ili maji yasikauke. Kuliona tone likiwa hewani, washa taa ndogo ya LED kwa kufumba na kufumbua, ikiongozwa na pigo lilelile lililocheleweshwa kidogo: litaonekana limesimama.

Rekebisha chupa kwanza. Ikigoma, tuma hapa picha ya ncha ya pua, ya saketi iache.