Nilikimbia mpaka hedhi ikanikimbia

Miezi minne mfululizo sikuziona siku zangu. Mwezi wa kwanza nilifurahi kimyakimya, nikanunua kipimo cha mimba: mstari mmoja. Mwezi wa pili nikanunua viwili, mstari mmoja mmoja. Wa tatu nikaacha kununua. Na muda wote huo nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kilomita 8, siku sita kwa wiki, nikijua nauandaa mwili kubeba mtoto.

Chanzo kilikuwa neno la wifi yangu. Tulikuwa mwaka wa pili wa kutafuta, naye kwa utani wake akaniambia mbele za watu, "Wifi, hayo mafuta ndiyo yanamzibia mtoto njia." Wakacheka, nami nikacheka. Kesho yake nikaenda kununua raba. Chakula cha usiku nikakifuta, asubuhi nikawa nashindia chai kavu. Kilo 9 zikaondoka ndani ya miezi mitatu, nikasifiwa kila nilipopita. Hedhi nayo ikaondoka, ila hiyo nani angeiona?

Aliyeiona ni nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa akinipima presha. Hakuniuliza habari za mtoto. Aliushika mkono wangu uliokuwa wa baridi, akaniuliza, "Mwanangu, unakula saa ngapi?" Nikajiumauma. "Na unakimbia kiasi gani?" Hapo nilijibu haraka, maana ndipo nilipokuwa najivunia. Akatikisa kichwa. "Mwili wako unadhani mko safarini, mnaikimbia njaa. Mimba utaipatia wapi njiani?"

Daktari alikuja kunieleza jambo lilelile kwa lugha yake. Kuna sehemu ndogo ya ubongo inayoitwa haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayoiamsha tezi ya pituitari, na pituitari ndiyo inayoziagiza ovari zipevushe yai. Unachokula kikiwa kidogo kuliko nguvu unayotumia, amri hizo zinapungua au zinakatika kabisa. Yai halipevuki, hedhi haiji. Na usidhani ni lazima uwe umekonda mifupa itokeze. Mimi uzito wangu ulikuwa bado wa kawaida kabisa kwenye mizani.

Baadaye nilisoma utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wanawake zaidi ya 3,000 waliokuwa wakitafuta mimba. Kwa wenye uzito wa kawaida au wembamba, kadiri mazoezi makali yalivyozidi ndivyo mimba ilivyochelewa. Mazoezi ya wastani yaliendana na kupata mimba mapema kidogo, kwa wembamba na wanene. Laiti ningelikutana na karatasi hiyo kabla ya zile raba.

Basi nikapunguza. Ni rahisi kuandika hivyo, lakini wiki za mwanzo nilijiona mvivu aliyekata tamaa. Kukimbia kulikuwa kumenipa kitu cha kufanya na uchungu wangu. Kutembea kukaniacha nao mkononi. Mume wangu ndiye aliyeokoa jahazi kwa kuja tutembee wote jioni, nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima kwa mazoezi ya wastani. Kipimo chetu cha mwendo kilikuwa cha kijinga kidogo. Tukiwa katikati ya njia ananiambia, "Haya, imba." Nikiweza kuimba ubeti mzima, tunakwenda polepole mno. Nikishindwa hata kuongea, tumezidisha. Pale ambapo maneno yanatoka lakini wimbo unakatika kwa pumzi, ndipo penyewe. Wapita njia walituangalia vibaya, tukazoea.

Siku mbili za wiki niliongeza mazoezi ya nguvu, hapohapo chumbani: kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika chochote mara kumi na mbili, pushapu za kuegemea ukuta, kisha kunyoosha nyonga na mgongo nikiwa sakafuni. Nilipumzika, nikarudia raundi ya pili, nikamaliza. Na nikala, nikala vizuri, milo mitatu, hata siku ambazo sikuwa na hamu. Hedhi ilirudi wiki ya tisa. Nilikaa chooni nikalia, kilio ambacho mtu asiyewahi kuipoteza hawezi kukielewa.

Ila usichukue habari yangu ukaivaa kama ilivyo. Nina rafiki ambaye hedhi yake ilikuwa ikija mara tatu au nne kwa mwaka, na tatizo lake lilikuwa kinyume cha langu. Ovari zake zina vifuko vingi vidogo vidogo, na mwili wake hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshughulikia sukari kwenye damu. Insulini ikijaa kwenye damu inazisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na yai linashindwa kupevuka. Kwa mtu kama yeye, mazoezi ni sehemu ya tiba hasa, kwa sababu msuli unaofanya kazi unaichota sukari na kuipunguzia insulini mzigo, hata kama kilo hazijapungua. Na kwa aliyezidi uzito, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha kupevuka kwa yai. Kwa mwenye kilo 90, hiyo ni kati ya kilo 4.5 na 9. Ningemwambia huyo apunguze mwendo kama mimi, ningempoteza. Ndiyo maana sipendi mtu anapoomba "ratiba ya mazoezi ya uzazi" kabla hajasema mwili wake ukoje.

Zile video za "mazoezi ya kuzibua mirija" nazo nazitaja kwa sababu nilizifuata miezi miwili, nikipinda na kujinyonganyonga kwenye mkeka. Mrija wa uzazi ulioziba hauzibuliwi kwa kujikunja wala kwa kukandwa tumbo. Hali kadhalika kubana misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo: kunamfaa aliyelegea, lakini kwa mwanamke ambaye misuli hiyo imekaza tayari, na tendo la ndoa linamuuma, kubana zaidi kunaweza kumzidishia maumivu. Na kama uko kwenye matibabu ya kupandikiza mimba, sindano za kukuza mayai zinazifanya ovari zivimbe, na ovari iliyovimba inaweza kujisokota. Kuruka kamba na kukimbia kuwekwe kando wakati huo. Kutembea kwa kawaida hakuna shida. Ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuje kwa wanaume, maana kwenye mambo haya wanapenda kukaa pembeni kama wageni waalikwa. Mume wangu alikuwa mtu wa baiskeli. Jumamosi na Jumapili anaondoka asubuhi anarudi mchana, amevaa zile kaptura za kubana, kisha anajilaza kwenye maji ya moto nusu saa. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Hakuacha baiskeli, aliipunguza, na maji ya moto akayaacha. Mbegu za kiume huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, kwa hiyo anachobadilisha leo utakiona kwenye kipimo baada ya miezi kama mitatu, wala si wiki ijayo. Na vijana wa jimu wanaochoma sindano za kujaza misuli wajue hili: ubongo ukiona testosteroni, homoni ya kiume, inaingizwa kutoka nje ya mwili, unasimamisha amri zake, na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri. Unamkuta mtu ana kifua kama ngome na kipimo kinasoma hakuna kitu.

Tulipokwenda naye kupima hatimaye, alikutwa na mishipa ya damu iliyotanuka kwenye korodani, ile wanayoiita varikoseli. Wanaume takriban 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao hawapati tatizo lolote la uzazi; yeye mbegu zake zilikuwa zimeathirika. Kutembea kwetu jioni kusingeiondoa kamwe. Alifanyiwa upasuaji mdogo, tukaendelea kutembea, na mwezi wa saba baada ya hapo nikakosa siku zangu tena. Safari hii mistari ilikuwa miwili.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mazoezi ndiyo yaliyonipa mtoto, nasema hapana. Kuyapunguza na kula vizuri kulinirudishia mzunguko; matembezi yakanipa usingizi, yakatupa nusu saa ya jioni ya kuongea bila kumtaja mtoto. Vipimo ndivyo vilivyotuonyesha lililobaki. Ninachojutia ni kwamba tulichelewa kwenda. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 asivuke mwaka mmoja wa kutafuta bila kumwona daktari, aliyefikisha 35 asivuke miezi sita, na aliyepoteza hedhi kama mimi asisubiri hata hiyo. Na waende wawili.

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu. Anatafuta wa pili, mwaka sasa umepita, na aliona picha zangu za matembezi. Akaniomba nimtumie ratiba. Nikamuuliza, "Wifi, unakula saa ngapi?" Akacheka. Nikamuuliza na la pili, kama kaka yangu ameshakwenda kupimwa. Hapo akanyamaza.